JOHANN SEBASTIAN BACH: MWANAMUZIKI ALIYELICHUNGUZA NENO

Johann Sebastian Bach alizaliwa tarehe 21 Machi 1685 katika mji wa Eisenach, Ujerumani, katika ukoo wa wanamuziki. Akiwa na miaka tisa mama yake alifariki, na kabla ya mwaka kwisha baba yake naye akafuata. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa huko Ohrdruf, akamchukua na kumlea. Alipofika miaka 15 alikwenda Lüneburg, akapata masomo kwa kuimba katika kwaya ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli.

Alihudumu katika miji kadhaa kama mpiga kinanda na mwanamuziki wa watawala. Mwaka wa 1723 aliitwa Leipzig kusimamia muziki wa makanisa na kuwafundisha vijana wa shule ya Mtakatifu Thoma. Ingawa tayari alisifika kwa kinanda, hakupewa kazi hiyo kabla ya kupimwa ujuzi wake wa Biblia na mafundisho ya kanisa. Wakuu wa kanisa walikuwa na sababu. Katika ibada za Leipzig, wimbo wake ulifuata somo la Injili na kutangulia mahubiri. Kwa hiyo mwimbishaji akilielewa Neno vibaya, usharika mzima ungepotoshwa kabla mhubiri hajafungua kinywa.

Bach aliuchukua wajibu huo kwa uzito. Alikuwa na Biblia ya vitabu vitatu vikubwa, tafsiri ya Luther pamoja na maelezo yaliyokusanywa na mwalimu wa dini Abraham Calov. Ndani yake aliandika jina lake na mwaka 1733. Aliisoma kalamu mkononi: akapigia mistari mafungu, akasahihisha makosa ya uchapaji, na pale ambapo maneno yalirukwa akayajaza. Alipofika 1 Mambo ya Nyakati 25, Daudi anapowapanga wana wa Asafu, Hemani na Yeduthuni kwa huduma ya uimbaji, aliandika pembeni kwamba sura hiyo ndiyo msingi wa kweli wa muziki wote wa kanisa unaompendeza Mungu. Tukumbuke kwamba waimbaji wale 288 walikuwa watu waliofundishwa.

Matunda ya kusoma huko yanaonekana katika wimbo wake mkubwa wa Mateso ya Yesu kwa Injili ya Mathayo, ulioimbwa Leipzig mwaka wa 1727. Yesu anapotangaza kwamba mmoja wa wanafunzi atamsaliti, kwaya inauliza kwa haraka kama ni mimi, mara kumi na moja; Yuda bado hajauliza. Hapo msikilizaji yuko tayari kumnyoshea Yuda kidole. Lakini mara unaingia wimbo wa usharika, na jibu lake ni kwamba ni mimi ninayestahili adhabu. Bach hakutumia Andiko kuwahukumu wengine. Alianza na nafsi yake.

Aliponakili wimbo huo upya mwaka wa 1736, maneno ya Injili aliyaandika kwa wino mwekundu, na mashairi yaliyotungwa na mwanadamu kwa wino wa kawaida. Mashairi yale aliyapenda na kuyapamba kwa sauti nzuri sana, lakini hakutaka yachanganyike na Neno lenyewe.

Maisha yake hayakuwa mepesi. Alifiwa na mke wake wa kwanza, na kati ya watoto wake 20, ni kumi tu waliofikia utu uzima. Mwishoni macho yalimpofuka, upasuaji haukumsaidia, akafariki tarehe 28 Julai 1750. Katika mali aliyoacha yaliorodheshwa majina 52 ya vitabu vya dini. Ile Biblia yake ilikuja kugunduliwa huko Michigan, Marekani, mwaka wa 1934.

Wapendwa wanakwaya, tunapoadhimisha yubilei hii tunamshukuru Mungu kwa sauti alizotupa. Lakini watu wengi hulibeba Neno nyumbani kupitia wimbo kuliko kupitia mahubiri, na hapo ndipo penye hatari. Maneno ya Paulo kwa Wafilipi juu ya kuyaweza mambo yote huimbwa mara nyingi kama ahadi ya ushindi na mali. Ukisoma aya zinazotangulia, utakuta anazungumzia njaa na kupungukiwa, naye aliyeandika alikuwa mfungwa. Basi kabla ya kutunga, tusome sura nzima. Tuulize nani anasema, na anamwambia nani. Na kila mtunzi ajue katika daftari lake ni maneno yapi yanastahili wino mwekundu, na yapi ni yake mwenyewe.