Hamilton: Profesa aliyechonga fomula darajani, leo iko ndani ya gemu la simu yako

Gari la kwenye gemu likiruka, likabiringika hewani na kutua kwa matairi, nyuma yake kuna hesabu ya mtu aliyefariki mwaka 1865.

Ni William Rowan Hamilton, mzaliwa wa Dublin, Ireland, mwaka 1805. Alilelewa na ami yake mjini Trim, na utotoni tu tayari alikuwa anasoma Kilatini, Kigiriki na Kiebrania.

Mwaka 1827, akiwa na miaka 21 na shahada bado hajaipata, Chuo cha Trinity kikampa uprofesa wa elimu ya nyota. Akahamia Dunsink, kwenye kituo cha kutazama nyota, na huko ndiko aliishi hadi kufa.

Kilichomnyima usingizi lakini hakikuwa nyota. Wanahisabati walishajua kutumia namba mbili zinazokwenda pamoja kuzungusha kitu juu ya karatasi. Hamilton akataka namba tatu, zifanye kazi hiyo kwenye dunia halisi, yenye juu na chini.

Kuzijumlisha aliweza. Kuzidisha kukamshinda, miaka na miaka. Ikafika mahali watoto wake wanamuuliza asubuhi wakati wa chai kama ameshaweza, na baba mtu anatikisa kichwa tu.

Jumatatu ya Oktoba 16, 1843, alikuwa anatembea na mkewe Helen kando ya mfereji wa Royal, akienda kwenye mkutano mjini. Walipofika daraja la Broom, jibu likamjia. Kumbe namba tatu hazitoshi, zinatakiwa nne! Akatoa kisu, akachonga fomula kwenye jiwe la daraja palepale.

Namba hizo akaziita kwaternioni. Ajabu yake ni kwamba ukibadilisha mpangilio wa kuzidisha, jibu nalo linabadilika.

Unabisha? Laza simu mezani, skrini juu. Igeuze robo mzunguko kwenda kulia, halafu isimamishe ikutazame: imesimama kwa ubavu. Sasa anza upya kwa kuisimamisha kwanza, ndipo uigeuze: imesimama wima, skrini inatazama pembeni. Miondoko ni ileile, matokeo tofauti.

Hapo ndipo watengenezaji wa programu za kuigiza mwendo wanapoumizwa kichwa. Ukihifadhi mkao wa gari kwa namba tatu za digrii, kisha programu ikalifungua faili na kuzitumia kwa mpangilio mwingine, gari linaibuka limegeukia kwingine. Na pua ya ndege ikielekea juu wima, mizunguko miwili kati ya mitatu inakuwa kitu kimoja. Ndege inakwama au inaruka ghafla.

Namba nne za Hamilton zinaondoa balaa hilo, ila nazo zina masharti. Miraba yake ikijumlishwa lazima ipatikane 1. Makosa madogo ya kompyuta yakirundikana bila kusahihishwa, umbo linaanza kuvimba au kusinyaa. Programu nyingine huandika namba ya nne mwanzoni, nyingine mwishoni, na ukizichanganya mkao wote unaharibika. Kasi ya kuzunguka nayo ihifadhiwe peke yake, la sivyo tairi lililokuwa linazunguka litafunguliwa limesimama.

Hamilton alizipa namba hizo miaka yake 22 iliyobaki. Kitabu chake cha mwaka 1853 kilikuwa kigumu hata kwa wasomi wenzake. Cha pili, chenye kurasa zaidi ya 700, kilitoka mwaka 1866, yeye akiwa kaburini.

Haki isemwe: Mfaransa Olinde Rodrigues alishachapisha hesabu ya mizunguko mwaka 1840, ila wachache walimsikiliza.

Baadaye Gibbs wa Marekani na Heaviside wa Uingereza wakaleta njia nyepesi zaidi, na kwaternioni zikawekwa kando. Wapo waliomwona Hamilton kama mtu aliyepoteza umri wake bure.

Hadi mwaka 1985, Ken Shoemake wa Marekani alipoonyesha kwamba picha za kompyuta zinazungushwa vizuri kabisa kwa namba hizo nne. Leo zimejaa kwenye gemu, roboti na vyombo vya anga.

Mchongo wa darajani ulishafutika. Tangu mwaka 1958 pana kibao cha kumbukumbu, na kila Oktoba 16 watu hutembea kwa miguu kutoka Dunsink hadi pale.