Johannes Rebmann na Mlima Uliodhaniwa Kuwa Wingu



Sisi tukaao Mahongole, na kote Makambako na Njombe, twajua ya kuwa jua la Afrika halizuii baridi. Ifikapo Juni na Julai twaota moto jikoni na kujifunika mablanketi, na mgeni wa pwani hutushangaa. Kwa hiyo yatufaa kuyafikiri maisha ya Johannes Rebmann, aliyekanwa na wenye elimu kwa kuwa aliona theluji karibu na ikweta, akaitaja.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, katika nchi ya Württemberg, Ujerumani. Alisoma katika chuo cha misioni cha Basel, kisha akatumwa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza. Mwaka 1846 alifika Mombasa, akamkuta Ludwig Krapf, mtu wa kwao, nao wakajenga makao yao Rabai.

Mwezi wa Aprili 1848, wakati wa masika, Rebmann alishika njia ya kwenda Uchaga. Yeye mwenyewe hakuchukua silaha, ila mwavuli. Hata tarehe 11 Mei, yapata saa nne asubuhi, aliona juu ya mlima kitu cheupe kinachong'aa, akadhani ni wingu. Alipomwuliza kiongozi wake, huyo aliuita weupe ule baridi, basi. Ndipo Rebmann alipotambua ya kuwa ni theluji, maana aliijua tangu utoto wake. Mlima ule ulikuwa Kilimanjaro.

Habari yake ilipochapwa Ulaya mwaka 1849, wengine walifurahi, wengine walikataa. Mmoja wao ni William Desborough Cooley wa London, mtu wa vitabu vingi, ambaye hakupata kukanyaga nchi hizi. Aliona ya kuwa theluji haiwezi kudumu penye jua kali namna ile, na kwamba macho ya Rebmann yalidanganyika. Lakini hewa hupungua joto kadiri mtu apandavyo, yapata digrii 6 kwa kila mita 1,000. Na kilele cha Kilimanjaro chafika mita 5,895. Mwenye kuipima nchi ya wengine kwa hewa ya kwake hukosea, ajapokuwa na elimu nyingi.

Naye Rebmann hakuwa mtu asiyekosa. Ramani aliyoitengeneza pamoja na Jakob Erhardt, iliyotolewa mwaka 1856, ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Kumbe maziwa ni zaidi ya moja. Hilo walilisikia kwa wasafiri. Lakini theluji aliiona mwenyewe, na neno lake hakuligeuza.

Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa ajili ya afya yake, Rebmann alibaki. Waliobatizwa walikuwa wachache sana. Mkewe, Emma, alifariki mwaka 1866. Hata hivyo aliendelea kufundisha na kukusanya maneno ya Kirabai, Kiswahili na Kinyanja, apate kutengeneza kamusi. Miaka 29 ilipita asiione Ulaya. Mwishoni macho yake, yale yale yaliyotiwa shaka, yakapofuka. Mwaka 1875 alirudishwa kwao, akafa Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

Na ule mlima? Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda sehemu yake, wakaishuhudia theluji. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Rebmann alikuwa amelala kaburini miaka 13.

Ndugu, ukungu wa asubuhi huufunika mlima hata mgeni akasema hapa hapana mlima. Lakini haupunguzi hata jiwe moja. Kadhalika maneno ya watu juu ya mtu mwaminifu. Basi, tukishuhudia jambo, tutenge tuliloliona na tulilolisikia. Tukiisha kulisema lililo kweli, tusigombane na ukungu, bali turudi shambani, darasani na kwa wagonjwa wetu. Jua lina saa yake ya kupanda, hata ikiwa sisi hatutakuwapo kuiona.