Birdseye, Mtu Aliyeifanya Baridi Kuwa Ghala

Wakazi wa Bugeshi, wilayani Rubavu, wanaijua baridi. Mlima Karisimbi, wenye kimo cha mita 4,507, umesimama juu yao, na mara nyingine kilele chake huwa cheupe. Hata hivyo baridi hiyo haitoshi kuizuia nyama iliyonunuliwa siku ya mshahara isioze kabla ya kuliwa. Hasara hiyo askari na polisi wenye jamaa wanaifahamu. Kwa hiyo leo tumeona inafaa kusimulia maisha ya mtu aliyepambana nayo.

Clarence Birdseye alizaliwa Brooklyn, mjini New York, Marekani, tarehe 9 Desemba, 1886. Alisoma katika Chuo cha Amherst, lakini ukosefu wa fedha ulimkatiza masomo, akaajiriwa na serikali kuchunguza wanyama wa porini.

Mwaka 1912 alikwenda Labrador, nchi ya baridi kali ambayo leo ni sehemu ya Kanada, kufanya biashara ya ngozi za mbweha. Baadaye aliishi huko na mkewe Eleanor na mtoto wao mchanga, na kupata chakula kibichi ilikuwa taabu kubwa. Ndipo alipowaona Wainuiti, wenyeji wa nchi ile, wakivua samaki chini ya barafu. Samaki hao waliganda mara tu walipotolewa majini. Walipopikwa miezi mingi baadaye, ladha yao ilikuwa kama ya samaki wa siku ile ile.

Birdseye akaitafuta sababu. Chakula kikiganda polepole, maji yaliyomo hufanya chembe kubwa za barafu zinazokichana ndani kwa ndani. Kikiyeyuka, hulegea na kuvuja. Kikiganda upesi, chembe huwa ndogo sana, nacho hubaki kizima. Siri ilikuwa kasi. Nasi tukiri kwamba elimu hiyo ilikuwa ya Wainuiti kwanza. Yeye aliitafutia mashine.

Kampuni yake ya awali ya samaki waliogandishwa ilifilisika. Hakukata tamaa. Mwaka 1924 alianza upya katika bandari ya Gloucester, jimbo la Massachusetts, akabuni mashine ya kubana pakiti za chakula kati ya mabamba ya chuma yenye baridi kali. Mwaka 1929 kampuni na hataza zake ziliuzwa kwa dola milioni 22, na tarehe 6 Machi, 1930, vyakula hivyo vilianza kuuzwa katika maduka ya mji wa Springfield. Alifariki tarehe 7 Oktoba, 1956.

Maisha hayo yana funzo kwa kila mwenye friza, nyumbani au katika jiko la kambi. Nyama, au sambaza wa Ziwa Kivu, wagawanywe katika vifurushi vidogo vilivyo bapa, kila kimoja cha mlo mmoja, wala visirundikwe pamoja kabla ya kuganda. Kabichi na karoti zichovywe kwanza katika maji yanayochemka, kisha zipozwe. Viazi vibichi havifai kugandishwa. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Chakula kibichi kilichoyeyuka kipikwe, kisirudishwe, kwa maana baridi huwalaza vijidudu tu, haiwamalizi.

Chakula kinachotupwa ni mshahara unaotupwa. Birdseye alifilisika kabla ya kufaulu. Sisi tunaweza kuanza na kifurushi kimoja.