Makhan Singh, Mtetezi wa Wafanyakazi

Ndugu msomaji wa Hasamba, wewe unajua kazi ya kibarua katika shamba la kahawa. Kibarua mmoja akidai nyongeza peke yake, hufukuzwa. Wakidai wote, je? Makhan Singh alilijua jibu.

Alizaliwa Punjab, Bara Hindi, mwaka 1913. Mwaka 1927 alifika Kenya, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha baba yake cha kupiga chapa, Nairobi. Waingereza walikuwa wanatawala. Mishahara ilifuata rangi ya ngozi, na Mwafrika alipata kidogo kuliko wote.

Mwaka 1935 Makhan Singh alikifungua chama cha wafanyakazi Wahindi kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1937 wanachama waligoma kwa muda wa miezi miwili hivi. Waajiri wakaongeza mishahara.

Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunganisha vyama kadhaa. Serikali ilikataa kuuandikisha muungano huo. Mei 1950 iliwakamata wote wawili. Wafanyakazi wa Nairobi waligoma. Walidai viongozi waachiwe, na mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi.

Makhan Singh alikaa kizuizini miaka 11. Aliachiwa mwaka 1961, akafariki mwaka 1973.

Unaona, ndugu, serikali ilimfunga mtu. Ujira mdogo haikuuondoa. Kwa hiyo migomo iliendelea.

Jadilini darasani: Kwa nini Makhan Singh alitaka wafanyakazi wa rangi zote wawe katika chama kimoja?