Robert Heinlein: Baharia aliyenyimwa vita akaipa dunia askari wa chuma

Na Mwandishi Wetu

MZAZI yeyote anayeishi huku Marekani na mwenye kijana nyumbani anaijua hali hii. Unarudi kutoka shifti ya pili, miguu inauma, unakuta sebule inatikisika kwa milio ya risasi. Kwenye televisheni yupo askari aliyevaa vazi la chuma kuanzia utosini hadi nyayoni, anaruka juu ya mapaa, na risasi zikimgonga zinadondoka chini. Pembeni yake wapo askari wengine wenye kofia na bunduki za kawaida. Hao hawana majina. Wanakufa mmoja baada ya mwingine na kijana wako hata hageuki kuwatazama.

Askari yule wa chuma hakuzaliwa ndani ya kompyuta. Alipata umaarufu kwenye karatasi, mwaka 1959, kwa kalamu ya mtu mmoja aliyesomea uofisa wa jeshi la majini, akavaa sare, kisha ugonjwa ukamrudisha nyumbani kabla hajaona vita hata siku moja. Mtu huyo ni Robert Anson Heinlein. Leo tunawaletea maisha yake, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo familia nyingi za ughaibuni zinalo mezani: kijana anayesema anataka kwenda jeshini, anamfuata askari yupi?

KUTOKA MISSOURI HADI MANOWARINI

Heinlein alizaliwa tarehe 7 Julai 1907 katika mji mdogo wa Butler, jimbo la Missouri, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Alikulia Kansas City, katika nyumba ya watu wa dini na wasio na fedha za kuchezea. Tangu utotoni alipenda mno elimu ya nyota, lakini kwa kijana wa familia kama ile njia ya kupata elimu ya juu bila ada ilikuwa jeshi. Kaka yake alitangulia kuingia Chuo cha Jeshi la Majini cha Annapolis, naye akamfuata mwaka 1925 na kuhitimu mwaka 1929.

Alipangiwa USS Lexington, moja ya manowari kubwa za kubeba ndege za zama zile, ambako alishughulika na mawasiliano ya redio. Nahodha wake alikuwa Ernest King, ambaye baadaye aliliongoza jeshi lote la majini la Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Kutoka hapo Heinlein alihamia manowari ndogo iitwayo Roper akiwa ofisa wa mizinga. Kila dalili ilionyesha kwamba angezeeka baharini.

Kifua kikuu kiliamua vingine. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 27 na cheo cha luteni wa daraja la chini, alistaafishwa kwa sababu ya afya na kupewa pensheni ndogo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kubahatisha. Alijaribu masomo ya juu akaacha, akajaribu uchimbaji wa madini ya fedha, akauza nyumba na viwanja. Akaingia siasa za California upande wa Upton Sinclair, mwandishi aliyetaka serikali iwape kazi maskini wakati wa mdororo wa uchumi, na mwaka 1938 yeye mwenyewe akagombea kiti katika baraza la jimbo na kushindwa. Wanaomjua kwa maandishi yake ya uzeeni hushangaa wakisikia kwamba mzee yule alianzia mrengo wa kushoto.

Akiwa na deni la nyumba kichwani, mwaka 1939 aliandika hadithi fupi iitwayo Life-Line na kuipeleka kwa jarida la Astounding. Mhariri John W. Campbell aliinunua kwa dola 70. Kuanzia hapo Heinlein hakutafuta tena kazi nyingine.

VITA VYAMPITA

Desemba 1941 Wajapani waliishambulia Pearl Harbor. Heinlein aliomba arudishwe kazini. Jeshi lilimkataa kwa sababu ya mapafu yake. Wenzake aliosoma nao walikuwa wakiongoza meli Pasifiki, na manowari yake ya zamani, Lexington, ilizama tarehe 8 Mei 1942 katika vita vya Bahari ya Coral. Yeye wakati huo alikuwa anaelekea kwenye dawati la mhandisi wa kiraia, katika kituo cha majaribio cha jeshi la majini mjini Philadelphia, ambako alifanya kazi hadi vita vilipokwisha. Kituoni humo walikuwamo pia waandishi wenzake Isaac Asimov na L. Sprague de Camp. Huko ndiko alikokutana na Virginia Gerstenfeld, mwanamke mwenye cheo cha ofisa wa jeshi la majini. Walioana mwaka 1948 na kuishi pamoja hadi kifo cha mume.

Jambo hili lisipite hivi hivi. Mtu aliyekuja kumchora askari hodari kuliko wote alitumia vita kubwa ya maisha yake akiwa ndani ya jengo, akipima vifaa ambavyo wengine ndio waliokwenda navyo kufa.

VAZI LA CHUMA LAZALIWA

Baada ya vita aliandika riwaya nyingi za vijana kwa shirika la Scribner's, moja kila mwaka. Mwaka 1958 aliona tangazo gazetini la watu wanaotaka Marekani isimamishe majaribio ya silaha za nyuklia. Alikasirika, yeye na mkewe wakalipia tangazo lao la kupinga. Mwaka huo huo Rais Eisenhower aliyasimamisha majaribio hayo. Heinlein akaiweka kando riwaya kubwa aliyokuwa akiiandika, na katika muda mfupi akaandika nyingine kwa hasira: Starship Troopers. Scribner's waliikataa. Shirika la Putnam likaichapisha mwaka 1959, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Hugo, ambayo ni heshima kubwa kwa waandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi.

Mhusika mkuu ni kijana Juan Rico, mtoto wa tajiri. Anajiandikisha jeshini karibu kwa bahati mbaya, akimfuata rafiki na msichana, na kikosi cha askari wa miguu anachopelekwa kilikuwa chaguo lake la mwisho kabisa. Kambini wanaingia makuruta zaidi ya 2,000, wanaohitimu hawafiki 200. Ndipo anapopewa vazi la chuma. Vazi lile linasikia msuli wa mvaaji ukijongea na kuongeza nguvu yake mara nyingi, hivyo askari haliendeshi, analivaa tu na kutembea. Ndani yake mtu mmoja anaweza kuruka nyumba, kuona gizani na kubeba makombora ya nyuklia. Anaangushwa kutoka angani ndani ya kidonge cha chuma kama mbegu. Heinlein hakuwa wa kwanza kuwaza deraya ya namna hiyo, lakini yeye ndiye aliyeieleza kwa namna ambayo waliokuja nyuma yake hawakuweza kuisahau.

Kuna mambo matatu katika kitabu hiki ambayo wachezaji wa gemu za leo hawayajui.

La kwanza, askari wa Heinlein hakutengenezwa maabara. Ni binadamu wa kawaida. Viumbe waliozaliwa kwa ajili ya vita tu ni maadui zake, wale wadudu, ambao wana tabaka la wapiganaji lisilojua kazi nyingine. Mwandishi anapiga hesabu na kuonyesha kwamba hata binadamu mmoja akifa kwa kila wadudu elfu, wadudu wanapata faida, kwani wao huangua wengine haraka, lakini Rico mmoja huchukua miaka kumlea.

La pili, kila mtu aliyemo kikosini anapigana. Mpishi anaruka, kasisi anaruka, kamanda anaruka. Hakuna tabaka la mashujaa wenye vyuma na tabaka la makapuku wa kufa pembeni yao.

La tatu, kuingia ni hiari, na anayetaka kutoka anatoka. Kuruta mmoja anauliza faida ya kujifunza kurusha kisu katika zama za mabomu makubwa, na sajenti wake anamweleza kwa kirefu kwamba kazi ya askari ni kutumia nguvu kwa kiasi kilichoamriwa, siyo kuua hovyo.

Ila kitabu kilileta kelele kwa sababu nyingine. Katika dunia ya Rico, anayepiga kura ni yule tu aliyemaliza utumishi wake. Wapo waliomwita Heinlein mtetezi wa udikteta wa kijeshi. Mwaka 1980 alijitetea kwa kusema wengi wa watumishi hao walikuwa wakifanya kazi za kiraia, lakini wakosoaji wake walirudi kitabuni na kusema hawayaoni hayo mle ndani.

Kwetu sisi wahamiaji kuna jambo moja la ziada. Karibu na mwisho wa kitabu, msomaji anagundua kwamba lugha aliyozaliwa nayo Rico siyo Kiingereza bali ni Kitagalogi, lugha ya Ufilipino. Mwaka 1959, wakati majimbo kadhaa ya Marekani bado yalikuwa yakiwatenga watu kwa rangi, Heinlein alimpa shujaa wake lugha ya mama ya kigeni. Na mtoto huyo wa Kifilipino anapata uraia kamili kwa kuvaa sare. Wanaotembea na kadi ya kijani mfukoni, na wanaojua kwamba utumishi jeshini huharakisha uraia, watayaelewa maneno haya bila kufafanuliwa.

ASKARI WA KAWAIDA WAJIBU

Majibu makali zaidi yalitoka kwa watu waliokuwa wamevaa sare za askari wa kawaida. Harry Harrison, aliyeingizwa jeshini kwa lazima wakati wa Vita Kuu ya Pili, alichapisha mwaka 1965 riwaya ya kejeli iitwayo Bill, the Galactic Hero, ambamo jeshi la angani ni ujinga mtupu kutoka juu hadi chini.

Baadaye akaja Joe Haldeman. Huyu aliandikishwa kwa lazima mwaka 1967, akapelekwa Vietnam na kujeruhiwa vibaya. Riwaya yake The Forever War ya mwaka 1974 nayo ina mavazi ya chuma, lakini ndani yake wamo vijana wasomi waliochukuliwa kwa sheria bila kuulizwa. Vazi lenyewe likikosewa kidogo linamuua aliyelivaa. Kwa sababu ya mwendo mkali wa vyombo vyao, wanaporudi duniani wanakuta miaka mingi imepita, wazazi wamekwenda, hakuna anayewajua. Vita vinadumu zaidi ya miaka 1,000, kisha inabainika kwamba vilianza kwa kutoelewana tu.

Septemba 1976 wapenzi wa hadithi hizi walikutana Kansas City, mji aliokulia Heinlein, naye ndiye aliyekuwa mgeni wa heshima. Tuzo ya Hugo ya riwaya bora mwaka huo, katika mkutano ule ule, ilikwenda kwa Haldeman. Mzee hakununa. Haldeman ameeleza mara nyingi jinsi Heinlein alivyoisifu kazi yake. Katika mkutano huo Heinlein, ambaye alikuwa ameokolewa na damu za watu asiowajua alipougua sana, alihimiza wanaotaka saini yake wachangie damu kwanza. Huenda hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuwakumbuka watu wa kawaida.

MWISHO WA SAFARI

Heinlein alifariki dunia usingizini huko Carmel, California, akiwa na umri wa miaka 80. Ilikuwa tarehe 8 Mei 1988, siku na mwezi ule ule ambao Lexington ilizama. Majivu yake yalimwagwa katika bahari ya Pasifiki.

Filamu ya kitabu chake ilitoka mwaka 1997, ikiongozwa na Paul Verhoeven, ambaye utoto wake aliupitisha Uholanzi chini ya uvamizi wa Wanazi. Verhoeven aliyaondoa mavazi ya chuma, akawaacha vijana na bunduki mbele ya wadudu, wakichinjwa kwa mamia. Rico wa Kifilipino naye akawa Mzungu. Upande wa pili, michezo ya Warhammer 40,000 ya mwaka 1987 na Halo ya mwaka 2001 ilichukua chuma na kuacha hiari: mashujaa wao hufanyiwa upasuaji na kubadilishwa miili tangu wangali watoto, na askari wa kawaida hubaki kuwa kuni za moto.

Jeshi la Marekani lenyewe lilijaribu. Mwaka 2013 kamandi ya vikosi maalumu ilianza mradi wa kuunda vazi la namna hiyo. Mwaka 2019 mradi ulifungwa, vazi kamili la kuingia nalo vitani halikupatikana.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, kijana wako akikuletea fomu za jeshi, usimcheke wala usimfukuze. Katika kitabu cha Heinlein, baba yake Rico alimfukuza mwanawe kwa maneno, na baada ya kufiwa na mkewe vitani akaenda kujiandikisha mwenyewe, akaishia kuwa sajenti chini ya mtoto wake. Mpe kijana asome Heinlein, kisha asome Haldeman, mmoja aliyetamani vita asivipate na mwingine aliyevipata bila kuvitaka. Halafu mkae mezani mzungumze. Mkumbushe tu kwamba kwenye ofisi ya kuandikisha askari hakuna vazi la chuma. Wote wanaopita mlango ule wanatoka wakiwa askari wa kawaida, wale wa pembeni ya televisheni, na kila mmoja wao ana jina na ana mama.