Sista Corita: Mtawa Aliyehubiri kwa Wino na Rangi



Wapendwa vijana, leo nawaletea maisha ya mtu ambaye humkuti kwenye kalenda ya watakatifu. Hajatangazwa mwenyeheri, na sehemu ya mwisho ya maisha yake inawapa watu maswali. Hata hivyo naamini ana kitu cha kutufundisha sisi vijana ambao siku nzima tunasoma maneno: kwenye simu, kwenye bajaji, kwenye fulana, kwenye mabango ya dukani. Jina lake la ubatizo ni Frances Elizabeth Kent. Dunia inamjua kama Sista Corita.

Ili umwelewe haraka, fikiria kanga ya mama yako. Kanga ina pindo, ina mji pale katikati, na ina jina, yaani yale maandishi. Maua na madoa ya kwenye mji yanaweza yasifanane na kitu chochote unachokijua. Lakini soma jina lake: mara ni sala, mara ni shukrani, mara ni kijembe kwa jirani. Rangi inakuita, neno linakusemesha. Sasa chukua wazo hilo, lipeleke Marekani miaka ya 1960, liweke kwenye karatasi badala ya kitambaa, na mchapaji awe mtawa aliyevaa shela. Hapo umempata Corita.

Alizaliwa tarehe 20 Novemba 1918 katika mji wa Fort Dodge, jimbo la Iowa, kwenye familia ya Wakatoliki yenye watoto sita. Familia ilihamia Los Angeles na huko akakulia. Mwaka 1936 alijiunga na masista wa Moyo Safi wa Maria, shirika la walimu, akapewa jina la Sista Mary Corita. Corita maana yake ni moyo mdogo. Alisoma kwenye chuo cha shirika, Immaculate Heart College, akafundisha shule ya msingi huko Kanada, kisha mwaka 1946 akarudishwa chuoni kufundisha sanaa. Mwaka 1951 alimaliza shahada ya uzamili katika historia ya sanaa.

Kipindi hicho ndipo alipojifunza uchapaji wa skrini. Kama umewahi kuona vijana wanavyochapa fulana za kampeni au za jubilei, unaijua kazi yenyewe. Kitambaa chembamba kinavutwa kwenye fremu, sehemu ambazo hutaki zipitishe rangi zinazibwa, halafu wino unasukumwa kwa kipande cha mpira. Kila rangi ina zamu yake. Rangi tano, unachapa mara tano. Ni kazi ya kuchosha, ila faida yake ni kubwa: picha moja inatoka nakala nyingi, na nakala nyingi zinauzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaiweza. Corita aliipenda kazi hii kwa sababu hiyohiyo. Hakutaka sanaa ibaki kwenye kuta za matajiri.

Mwanzoni alichapa picha za Biblia zenye rangi nzitonzito. Moja wapo, ya mwaka 1952, ilipata tuzo ya kwanza kwenye mashindano ya Los Angeles. Kisha mwaka 1962 mambo mawili yakakutana. Huko Roma, Papa Yohane XXIII alifungua Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Na hapo Los Angeles, msanii Andy Warhol alionyesha picha zake za makopo ya supu. Corita akaona kwamba vitu vya dukani vinaweza kuwa sanaa. Ila yeye akaenda hatua ya mbele: kama Mungu alijifanya mtu akala mkate wa watu, basi hata karatasi ya kufungia mkate inaweza kusema habari zake.

Na ndicho alichokifanya. Kulikuwa na mkate maarufu wa dukani uitwao Wonder Bread, uliofungwa kwenye karatasi yenye madoa ya mviringo ya rangi. Mwaka 1962 Corita alichapa picha yenye maumbo 12 tu ya rangi, hakuna mtu, hakuna nyumba. Ukitazama haraka ni madoa. Ukitulia, ni hostia. Miaka miwili baadaye alirudi kwenye karatasi ileile ya mkate, safari hii akiongeza maandishi kuhusu watu wenye njaa. Yaani tangazo la biashara liligeuka kuwa swali la altareni: tunapokeaje Mkate wa uzima huku jirani hana mkate wa kula?

Nikisema hivyo, mtu wa Hanang ananielewa. Ngano tunaijua. Mashamba makubwa ya Basotu yalifunguliwa na serikali kuanzia karibu mwaka 1970 kwa msaada wa Kanada, ili nchi ipate mkate. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Wafugaji waliondolewa, makaburi ya wazee wao yakabaki ndani ya mashamba, na kesi zikafika mahakamani. Mkate mmoja una jasho la mtu, na wakati mwingine una machozi ya mtu mwingine. Corita hakuwahi kuijua Basotu, ila alitaka Mkristo aulize hivyo kila anaposhika mkate.

Picha iliyomletea maneno mengi ni ya mwaka 1964. Alichukua lugha ya tangazo la nyanya za kopo akamwita Bikira Maria nyanya yenye majimaji kuliko zote. Baadhi ya watu walikwazika kabisa. Lakini tulia kidogo. Kwenye litania tunamwita Mama Maria waridi, tunamwita mnara, tunamwita nyumba ya dhahabu. Waliotunga sifa hizo walichukua kilicho kizuri machoni pao wakampa Mama. Corita alikuta uzuri sokoni akafanya vilevile. Kwenye falsafa tulifundishwa kwamba neno hupata maana kutokana na linavyotumika. Mfanyabiashara alitumia neno kuuza. Sista alilitumia kusifu. Neno ni lilelile, moyo ndio umebadilika.

Hakukaa kwenye mambo matamu tu. Agosti 1965 ghasia zilizuka Watts, mtaa wa watu weusi hapohapo Los Angeles, na watu 34 wakafa. Corita alichukua ukurasa wa mbele wa gazeti lenye habari hiyo, akauweka kwenye picha yake pamoja na rangi nyekundu na maneno ya padri mmoja aliyemtambua Kristo ndani ya watu waliokuwa wakidharauliwa. Alichapa pia kupinga vita vya Vietnam. Desemba 1965 kampuni ya IBM ilimpa dirisha lake New York apambe kwa ajili ya Noeli. Yeye na wanafunzi wake wakaandika kuhusu amani duniani, na wapo walioona ni siasa dhidi ya serikali, hadi pakatakiwa marekebisho. Kwa kweli inashangaza: kumbe wimbo wa malaika wa Bethlehemu ukiandikwa kwa herufi kubwa wakati wa vita, unaudhi.

Mwaka 1967 sura yake ilikuwa kwenye jalada la gazeti la Newsweek. Lakini nyumbani hali ilikuwa ngumu. Masista wake walitaka kujirekebisha kufuatana na Mtaguso: namna ya kuvaa, ratiba ya sala, nafasi ya kusoma kwanza kabla ya kupelekwa kufundisha. Askofu Mkuu wao, Kadinali James Francis McIntyre, alikataa. Picha za Corita nazo hazikumfurahisha. Mwaka 1968, akiwa amechoka mwili na roho, Corita alichukua likizo, na mwishoni akaomba kuachiliwa nadhiri zake. Mwaka 1970 masista wenzake karibu 300 nao waliachiliwa nadhiri, wakaunda jumuiya ya walei.

Hapa kuna swali gumu, na sitaki kulikwepa. Mimi naandaliwa kuahidi utii mikononi mwa askofu. Siwezi kuandika kana kwamba nadhiri ni koti la kuvua baridi ikiisha. Pia siwezi kusema miaka 32 ya utawa wake ilikuwa bure. Mti hutambuliwa kwa matunda, na matunda ninayoyaona ni watu waliojifunza kumwona Kristo kwenye mkate na kwenye gazeti. Naona pia jeraha la Kanisa, pale wakubwa na wadogo waliposhindwa kusikilizana. Ya moyoni mwake namwachia Mungu. Tunaweza kumpenda mtu na kujifunza kwake bila kulazimika kumsafisha kila doa.

Baada ya hapo aliishi Boston kimyakimya, akifanya kazi peke yake. Mwaka 1971 mchoro wake wa upinde wa mvua ulipakwa kwenye tangi kubwa la gesi la mji huo. Mwaka 1985 stempu yake ya barua yenye neno upendo ilitoka, zikauzwa zaidi ya milioni 700. Saratani ilikuwa imemwandama kwa miaka mingi, na tarehe 18 Septemba 1986 alifariki akiwa na miaka 67. Haki za kazi zake na picha ambazo hazijauzwa aliwaachia walewale masista wake wa zamani. Mtu mwenye kinyongo hafanyi hivyo.

Sasa wewe kijana wa Mbulu, Dareda, Katesh au popote ulipo, fanya zoezi alilowapa wanafunzi wake. Chukua kipande cha boksi, kata tundu dogo la mraba katikati, nenda nalo mnadani. Tazama kwa tundu hilo kitu kimoja kimoja: herufi za bango la soda, pindo la kanga, mkono wa mama anayepima maharage. Usiwe na haraka. Halafu jiulize: neno hili lingesema nini kama Yesu ndiye angelitumia? Na lile nililoweka status asubuhi, linamjenga nani, linamchoma nani?

Tuombe. Ee Yesu, Neno uliyefanyika mwili, takasa macho yetu tukuone mahali tulipozoea kupita tu. Takasa na maneno yetu, yawe mkate kwa wenye njaa. Uwaponye wote waliojeruhiana ndani ya Kanisa lako, na umpe mtumishi wako Frances pumziko la milele. Amina.

Mama Maria, Moyo Safi, utuombee.