Dominique Larrey na Magari Yake Mepesi

Dominique Larrey alizaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Beaudéan, milimani kusini mwa Ufaransa. Baba yake alikufa yeye akingali mtoto, akalelewa na kufundishwa uganga na ami yake, mpasuaji wa mji wa Toulouse.

Mwaka 1792 alitiwa katika jeshi la mto Rhine. Huko aliona jambo lililomsikitisha mno. Amri ya siku zile ilikuwa magari ya waganga yakae nyuma ya jeshi, umbali wa maili tatu hivi, mpaka vita viishe. Nayo yalikuwa mazito, yakikwama matopeni. Basi askari aliyevunjwa mguu asubuhi alilala kondeni mchana kutwa, pengine na usiku kucha, damu ikimtoka. Wengi walikufa kwa kule kungoja tu.

Larrey aliitazama mizinga midogo ikikokotwa na farasi mbio, akaona kuwa majeruhi nao waweza kuchukuliwa vivyo hivyo. Akaunda magari mepesi. Ya nchi tambarare yalikuwa na magurudumu mawili na farasi wawili, yakichukua watu wawili waliolala. Ya milimani, magurudumu manne na farasi wanne, yakichukua watu wanne.

Lakini gari bila mpango halimfai majeruhi. Kwa hiyo kazi aliigawa kabla ya vita: waendeshaji, wachukuzi, wafunga majeraha, kila mtu na mahali pake. Mwaka 1797, katika Italia, kikosi chake kilikuwa na watu 340 katika mafungu matatu, na kila fungu lilikuwa na magari 12 mepesi na 4 mazito. Aliyeumia vibaya zaidi ndiye aliyetangulia kutibiwa, awe jemadari, awe askari mdogo, hata awe adui.

Alipofika Misri pamoja na jeshi la Napoleon, mchanga uliyashinda magurudumu. Akafunga masanduku mawili marefu juu ya ngamia, moja kila ubavu, na katika kila moja mtu mmoja akalazwa.

Mwaka 1815, huko Waterloo, alijeruhiwa akashikwa na Waprusia, wakataka kumpiga risasi. Mganga wao mmoja, aliyepata kusikiliza mafundisho yake, akamtambua. Akapelekwa kwa jemadari wao Blücher, ambaye mwanawe alikuwa ametibiwa na Larrey zamani, akaachiliwa.

Alikufa Lyon mwaka 1842, akirudi kutoka Algeria, alikokwenda kukagua hospitali za askari. Umri wake ulikuwa miaka 76.